Mgonjwa Hana Kampuni

Sehemu ya tisa

Wewe uliyepandia kituo hiki, karibu ukae, nitakuonyesha tulikotoka. Mume wangu alishaondoka, na mapazia akaondoka nayo. Duka langu la madaftari lilishafungwa. Kaka yangu, dereva wa treni, akanichukua nikawa nalala sebuleni kwake, kisha akanitafutia kazi pale Mamlaka ya Njia. Mara ya mwisho uliniacha nimeshika kalamu mbele ya swali moja la fomu: "Una ndugu anayefanya kazi katika kampuni yoyote ya treni?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Andika hakuna," alisema.

Nikaandika hakuna.

Sisi ni mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo majina yetu ya mwisho hayafanani. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kazi nikapata.

Mkuu wangu wa zamu tulimwita Dakika, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote atakujibu "dakika moja," kisha usimwone mpaka jioni. Siku yangu ya kwanza alinifundisha kazi yote huku anakunywa chai.

"Reli ni moja, kampuni mbili," alisema. "Bluu na Kijani. Wote wanawataka abiria walewale, asubuhi ileile. Treni ikichelewa zaidi ya dakika tano, lazima iandikwe nani kaichelewesha. Kila miezi mitatu tunahesabu. Kampuni yenye treni nyingi zilizochelewa kwa kosa lake inanyang'anywa ile nafasi ya kuondoka saa kumi na mbili, anapewa mwenzake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Tunahesabu treni, hatuhesabu dakika. Ikichelewa dakika sita ni moja. Ikichelewa saa nzima, ni moja vilevile. Sasa wewe una treni moja imeshavuka tano, na nyuma yake inakuja nyingine iko sawasawa. Utafanya nini?"

"Nitaikimbiza ile iliyochelewa ifike."

Dakika alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. "Ili uicheleweshe na ya pili? Ile ya kwanza ni marehemu, bibie. Unaisogeza njia ya pembeni ikapumzike, walio hai wapite. Maiti hapigiwi honi."

Basi hivyo ndivyo tulivyosema siku zote mle ndani. Kumi na Moja ni marehemu. Ishirini na Mbili ni marehemu, muweke pembeni. Tukasema hivyo huku tunakula karanga. Ndani ya kila marehemu kulikuwa na watu mia sita wenye haraka zao.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika sababu. Jina lake rasmi ni refu, lakini wote waliniita Karani wa Sababu. Nilikuwa na karatasi yenye visanduku vitano: Mamlaka, Bluu, Kijani, Dereva, Abiria. Unaweka alama, unaandika saa, unaeleza kwa mistari miwili, unatia sahihi, na mkuu wa zamu anatia yake. Kampuni zilikuwa na watu waliolipwa kubishana na karatasi zangu tu. Walikuja na makoti na mikoba, wakagombania sababu kuliko walivyogombania abiria.

Kisanduku cha Dereva kilikuwa kibaya kuliko vyote. Dereva akitiwa alama mara tatu ndani ya mwaka, anaondolewa njiani. Kaka alikuwa nazo mbili.

Mwaka mzima ukapita hivyo, kisha ikaja Jumanne.

Kaka aliondoka na Kumi na Moja ya Bluu saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, watu wa Kijani wakapiga simu. Walikuwa na treni tupu imekwama karakana, wanaitaka stesheni upesi, na ili itoke lazima ikatize reli.

"Wavuke," Dakika alisema. "Dakika mbili tu."

"Kumi na Moja anakaribia pale," nilimwambia.

"Mpe taa nyekundu. Dakika mbili, Karani, hazijamuua mtu."

Zikawa saba. Kaka alisimama kwenye taa nyekundu tangu dakika ya arobaini na moja mpaka ya arobaini na nane. Treni yake, iliyokuwa sawasawa tangu mwanzo, ikavuka tano.

"Marehemu," Dakika alisema, akachukua karanga. "Nyuma yake yuko Kijani wa pili na bado yuko hai. Mbele kuna njia ya pembeni. Mwingize."

Nikachukua redio. Kwenye redio mimi na kaka hatujuani. Yeye ni Kumi na Moja, mimi ni Kituo.

"Kumi na Moja, ingia pembeni, upishe."

"Kituo, nimesikia."

Aliingia pembeni saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane. Pale ni vichaka tu, hakuna jukwaa wala maji. Treni ikiwekwa pembeni injini hushushwa na feni za mabehewa huzimika, na madirisha ya zile treni mpya hayafunguki. Kijani akapita. Kisha Dakika akasema Kijani mwingine yuko karibu, naye apite. Kisha ikatokea ya mizigo.

Saa moja na dakika kumi redio ikaita.

"Kituo, hapa Kumi na Moja. Nina abiria amezidiwa, behewa la tatu. Mzee. Naomba njia."

Nilimtazama Dakika.

"Asubiri," alisema. "Akitoka sasa anamuua na huyu anayekuja."

"Kumi na Moja, subiri."

Saa moja na dakika ishirini na mbili ikaita tena. Safari hii sauti ilikuwa ya nyumbani.

"Mtoto wa mama yangu, mtu anazimika huku."

Kaka huniita hivyo nadra sana. Aliniita hivyo siku tulipompoteza mama, na siku mume wangu alipoondoka. Dakika alikuwa ameinamia ubao wa taa, kichwa hakukiinua.

Nilikishika kile kidude cha kuongelea. Ningeweza kumwashia taa ya kijani mwenyewe, kitufe kilikuwa hapo kando ya kikombe changu. Nasema haya kwa sababu nimechoka kusema nililazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono.

"Kumi na Moja, subiri," nilisema.

Alitoka pale saa moja na dakika thelathini na sita.

Zamu ilipokwisha Dakika alinisukumia karatasi.

"Kumi na Moja. Weka Dereva."

"Dereva kafanya nini?"

"Aliendesha polepole akafika vibaya pale karakana. Andika."

"Alisimama kwa taa nyekundu, mkuu. Taa tulimpa sisi."

"Kwa hiyo niandikwe mimi?" Dakika aliweka miwani yake mezani. "Kisanduku cha Mamlaka kwa treni hii maana yake ni jina langu. Nimebakiza miezi minne nistaafu. Dereva huyo hata humjui."

Hata simjui. Nilikaa na lile neno. Mamlaka sikuthubutu. Dereva sikuweza. Kijani wangekuja na makoti yao. Nikaona kisanduku cha tano, cha Abiria, na hapo ndipo nikajiona mjanja.

Dakika zote za ucheleweshaji humfuata aliyeanza kuchelewesha. Hiyo ndiyo sheria ya karatasi. Mgonjwa alikuwepo kweli. Kasoro yake ilikuwa saa tu. Ningemsogeza mgonjwa nyuma kidogo, akaugua kabla ya ile taa, basi ucheleweshaji wote ungekuwa wake.

Nikaandika: "Abiria mgonjwa, behewa la tatu. Dereva aliarifiwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Treni ilisimama dakika saba akihudumiwa."

Dakika alisoma mara mbili. Uso wake ukakunjuka.

"Una akili wewe. Mgonjwa hana kampuni," alisema. "Hana wa kuja kubishana."

Akatia sahihi. Redio yetu haihifadhi sauti, na ubao wa taa hausemi treni imesimama kwa nini. Kumbukumbu ya reli ile ni karatasi, na karatasi ilikuwa hiyo.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimemlipa kaka sebule yake. Tulikula pamoja.

"Yule mzee?" nilimuuliza.

"Tulimshusha mwisho wa njia. Wamemkimbiza hospitali."

Mzee alifariki alasiri ya siku ya pili.

Siku ya tatu asubuhi kaka alikwenda kazini akarudi kabla ya saa tatu. Mkononi alikuwa na barua. Wifi yangu ndiye aliyeisoma kwa sauti, amesimama katikati ya chumba na mwiko wake.

Barua ilisema dereva amesimamishwa. Ilisema kumbukumbu za Mamlaka zinaonyesha alijua kuna mgonjwa tangu dakika ya arobaini na moja. Ilisema saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili aliipita stesheni yenye zahanati bila kusimama, na sheria inamtaka dereva mwenye mgonjwa asimame pale. Ilisema mtu amekufa. Kamati itakaa Ijumaa, na baada ya kamati huenda polisi.

Ile stesheni ya zahanati. Ninaijua. Iko kwenye ubao wangu wa taa, nukta ya sita kutoka kushoto. Nilipokuwa naisogeza saa ya mgonjwa sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nafikiria visanduku.

"Eti alijua!" wifi alisema. "Mume wangu huyu, ambaye paka akikatiza njiani anashuka kumuuliza kama kaumia! Kaandika nani uongo huu?"

Kaka alivua viatu. "Nilijua walipotuweka pembeni. Nikaita mara mbili. Kituo kikaniambia subiri."

Alikuwa anatazama soksi zake. Hakusema Kituo ni nani.

"Wifi," mke wake alinigeukia, "wewe uko kule ndani. Si utuulizie nani kaandika?"

"Nitauliza," nilisema.

Nataka nikwambie nililia. Sikulia. Nilichukua vyombo nikaviosha, nikavifuta, nikavipanga. Mwili wote ulikuwa kama ufizi uliopigwa sindano na daktari wa meno: unajua kuna kinachong'olewa, hukisikii. Nikafagia sebule ambayo ilikuwa safi.

Mchana niliingia zamu. Nikamfuata Dakika kwenye kijichumba cha chai.

"Nataka kuirekebisha ile karatasi ya Kumi na Moja."

"Ina sahihi mbili. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nitakwenda kamati niseme niliandika uongo."

"Dakika moja," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuondoka. Alifunga mlango. "Nenda. Watakuuliza kwa nini uliandika. Utasema ulitaka kumwokoa dereva. Watakuuliza huyo dereva ni nani wako. Utawajibu nini?"

Nilitazama mlango uliofungwa.

"'Mtoto wa mama yangu.' Mimi macho yamechoka, bibie, masikio bado. Nikaenda nikaitazama fomu yako. Umeandika hakuna." Alimimina chai, akanisogezea kikombe, hata sukari alitia. "Ukisema, mnatoka wote wawili, na wataita njama. Dada yuko kwenye redio, kaka yuko kwenye usukani, mtu kafa. Ukinyamaza anatoka mmoja. Mimi nakupenda kama mwanangu, ndiyo maana nakueleza."

Chai niliinywa. Ndiyo, niliinywa. Ilikuwa tamu.

Nyumbani wifi alikuwa anapiga pasi shati la kaka la Ijumaa. Alipiga kola mara nne.

"Umeuliza?"

"Hawajui ni nani," nilisema.

"Njia ya mwongo ni fupi," wifi alisema, akaligeuza shati. "Huyo mtu atajulikana tu."

Ijumaa saa nne tuliingia ukumbi wa Mamlaka. Meza ndefu, viti vya plastiki, chupa ya maji ambayo hakuna aliyeifungua. Kamati ilikuwa ya watu watatu, na katikati alikaa mwenyekiti, mama mmoja hakimu mstaafu, mwembamba, anayeongea chini chini ili umsogelee. Dakika alikaa dirishani. Mimi nilikaa kiti cha karani. Kaka alisimama peke yake.

Nyuma kabisa alikaa mwanamke wa umri wangu, fundi cherehani kwa kazi, uzi mweupe bado umemganda kwenye mkono wa gauni jeusi. Alikuwa binti wa yule mzee. Mwenyekiti alianza kwa kumpa pole. Kisha akasema "marehemu", na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima nikasikia neno lile likitumika kwa mtu.

"Dereva," mwenyekiti alisema, "ulisimamisha treni dakika ya arobaini na moja. Kwa nini?"

Wifi alikuwa mlangoni, hakuruhusiwa kuingia. Nilimwona akinyoosha shingo. Alijua jibu. Kaka alikuwa amelirudia nyumbani usiku na mchana: taa ilikuwa nyekundu, mgonjwa aliugua pembeni, niliita mara mbili.

"Kabla ya kujibu," mwenyekiti alisema, "soma kumbukumbu yenyewe. Ni haki yako."

Akampa karatasi. Si nakala iliyopigwa chapa iliyokuja na barua. Ile yenyewe, kwa kalamu.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuandika. Mama alikuwa anarudi jioni amechoka, kaka ananishika mkono mezani, ananikalia mpaka herufi zinyooke. Mkono wangu anaujua kuliko uso wangu. Aliitazama karatasi ile kwa muda ambao mwingine angeweza kuisoma mara kumi, na ilikuwa na mistari miwili.

Sikumtazama. Nilitazama chupa ya maji.

"Ni kweli," kaka alisema.

"Ni kweli nini?"

"Yaliyoandikwa. Niliarifiwa dakika ya arobaini na moja. Nikasimama. Kisha nikaipita zahanati. Nilidhani atafika."

Mlangoni wifi alipiga ukelele, na mtu akamtoa nje. Nikamsikia kwenye korido akisema anadanganya, huyo anadanganya, mwulizeni vizuri.

Mwenyekiti aliandika. Hakuwa na haraka.

"Karani. Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Unathibitisha ulichoandika?"

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu asinihurumie. Nilikuwa nimepewa mlango. Ningeweza kusema hapana, na pale pale kaka angekuwa mtu safi. Nikafikiria sebule. Nikafikiria wifi atakavyoniangalia. Nikafikiria maneno ya Dakika, anatoka mmoja, na mmoja mwenyewe ameshakubali kutoka.

"Nathibitisha," nilisema.

Dakika dirishani alikunja miguu vizuri. Mwenyekiti alikuwa anafunga jalada.

"Naomba kusema," sauti ilitoka nyuma.

Yule fundi cherehani alikuwa amesimama. Hakuwa analia. Alikuwa na simu mkononi.

"Siwajui watu hawa," alisema. "Lakini baba yangu hakuugua saa hiyo. Saa hiyo alikuwa ananisimanga kwa nini tulipanda Bluu, Kijani wana viti laini. Aliugua tulipowekwa porini, feni zilipozimwa. Tulipowekwa tu nilimpiga picha nimtumie mdogo wangu, aone babake amenuna. Saa iko hapa."

Alipita katikati ya viti akaiweka simu mezani. Nilikuwa karibu, niliiona. Mzee mwenye gazeti, midomo ameivuta mbele kama mtoto aliyenyimwa. Nyuma yake, kwenye kioo, vichaka. Saa moja na dakika tatu.

"Nami nilimwona dereva huyu," binti aliendelea. "Alikuja mwenyewe behewani, akamlegeza baba vifungo vya shati. Aliniambia ameomba njia, wamemnyima. Sasa kwa nini anajisingizia?"

Mwenyekiti aliichukua simu, akaiweka kando ya karatasi yangu. Alitazama moja, akatazama nyingine. Kisha akavua miwani, akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, polepole: pua, paji la uso, masikio. Sisi wote wawili tumefanana na mama, kila aliyetulea alisema hivyo.

"Nimehukumu miaka thelathini," alisema. "Nimeona watu wawili wakisema uongo tofauti ili kila mmoja ajiokoe. Sijaona dereva akikubali uongo unaomfunga yeye mwenyewe, na karani akauthibitisha. Nitauliza swali moja, mnijibu wote wawili. Mnajuana?"

Kaka alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne anitazame usoni, na hapo ile ganzi iliniachia ghafla, kila kitu kikaanza kuuma kwa pamoja.

Tulijibu kwa wakati mmoja.

Yeye alisema hapana. Mimi nilisema ndiyo.